Kengele ikishalia, mtoto wako ni wa nani?

Nakuuliza wewe baba, na wewe mama, mnaoishi Pinga hapa pamoja nami: saa nane mchana, mtoto wenu yuko wapi?

Msiniambie yuko masomoni. Masomo yamekwisha. Kengele ililia saa sita na nusu, watoto wakamwagika nje kama maharagwe kutoka gunia lililotoboka, direkta akatia kufuli milangoni, akashika njia ya kwake. Saa nane shule ni kimya. Saa nane mbuzi wanacheua barazani mwa darasa la tano.

Basi mtoto wenu yuko wapi?

Najua mmenyamaza. Nami nilinyamaza miaka mingi. Tunaamka alfajiri, tunapanda vilimani kwenye mashamba, tunarudi jua limezama na mzigo wa mihogo mgongoni. Tunahesabu vichwa penye moto. Vikitimia tunamshukuru Mungu, tunalala. Hatuulizi vichwa hivyo vilishinda wapi, na nani, vikitiwa nini ndani.

Haya, tufanye hesabu. Toka saa sita na nusu hadi saa kumi na mbili jioni ni saa tano na nusu. Asubuhi mtoto alikaa darasani saa tano hivi. Kumbe mchana ni mrefu kuliko shule! Kumbe mtoto wako ana mwalimu wa asubuhi, kisha ana mwalimu wa mchana anayekaa naye muda mrefu zaidi. Wa asubuhi unamjua jina, unajua nyumba yake, unajua hata deni lake dukani. Wa mchana je?

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na sisi watu wa Pinga tunaujua ulimwengu wetu. Ulimwengu wetu una bunduki.

Wapo wanaomtaka mtoto wako saa nane. Tusidanganyane. Sisi tunamwona mtoto wa mchana kama mtu asiye na kazi; wao wanamwona kama mali. Kule machimboni wanamtaka kwa sababu mwili wake mdogo unaingia kwenye shimo ambalo baba hawezi kupita. Kwenye kibanda cha video wanamtaka kwa mia mbili yake, naye atakaa gizani mpaka jioni akitazama watu wazima wakichinjana. Mwenye pombe ya kanyanga anamtaka abebe vichupa. Na msichana wako, anayeteremka mtoni na bidoni ya lita ishirini, yuko mtu anayemsubiri njiani, na anajua saa anayopita kuliko wewe mama unavyoijua.

Kisha iko barieri, kizuizi cha wenye bunduki njiani.

Hakuna anayeanza kwa kumpa mtoto bunduki. Sikiliza vizuri, mzazi mwenzangu: anaanza kwa kumtuma. Kijana niletee maji. Kijana niletee makaa. Kijana nichomee hindi hili. Nimemwona mmoja kwa macho yangu, mtoto wa darasa la nne, daftari bado limechomekwa ndani ya shati. Siku ya kwanza alipeleka bidoni ya maji barierini akapewa biskuti. Juma lililofuata akapewa noti. Juma la tatu nilimkuta amekaa juu ya jiwe kando yao, kofia ya mkubwa imemfunika mpaka masikioni, anacheka. Wanamwita kwa jina. Wamempa na jina la utani. Daftari sikuliona tena.

Nani alimteka mtoto yule? Hakuna. Alikwenda kwa miguu yake, mchana kweupe, mbele yetu sote, kwa sababu pale ndipo mahali pekee Pinga nzima ambapo mtu mzima alimwambia: njoo, kaa hapa.

Hatuwezi kusema hatukujua. Mji huu uliwahi kuwa ngome ya Ntabo Ntaberi Sheka na kundi lake la NDC. Mwaka 2012 na 2013 watu wake na wale wa kundi la APCLS walinyang'anyana Pinga mpaka nyasi zikaota majikoni mwetu. Sheka alijisalimisha Julai 2017. Tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi kule Goma ikamhukumu kifungo cha maisha, na kati ya makosa yaliyomfunga ni hili la kuwatia jeshini watoto wasiotimiza miaka 15. Tulifurahi. Nilifurahi mimi mwenyewe, kwa sababu ninazijua nyumba walikotoka watoto wale.

Lakini Sheka alipofungwa, ni nani aliyeikalia ile saa nane aliyoiacha? Sisi? La. Waliikalia wengine. Majina ya makundi yanabadilika kila msimu, leo wanaitwa hivi, kesho vile, mtoto ni yule yule. Na kila mwaka ripoti ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto na vita inaitaja nchi yetu ya Kongo, nasi tunaisikia redioni tukimenya mihogo, kana kwamba wanasema habari za watu wa nchi nyingine.

Utaniambia: ndugu, ni vita.

Ni vita, ndiyo. Sikuja leo. Oktoba 2024 waasi wa M23 walipoingia Kalembe, nilibeba godoro kichwani kama wewe. Njia yetu ya kwenda Goma, ile ya Mweso na Kitshanga, imekatwa mara ngapi? Lakini vita haikumzuia mtu kufungua kanisa siku ya Jumapili. Vita haikuzuia soko. Vita haikuzuia kibanda cha video kununua mafuta ya jenereta. Vita imezuia mahali pa mtoto tu? Wenye bunduki hawakuweka kufuli katika mlango wa darasa la tano saa sita na nusu. Kufuli ile ni yetu. Tulichanga pesa tukainunua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeuacha tukauzoea, hata tunapitia humo kama mlango.

Na haikuwa hivi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo nivumilie nilisimulie.

Wanyanga na Wahunde wa zamani hawakuwa na saa ukutani, lakini walijua kwamba mtoto haachwi peke yake na mchana wake. Aliyekuwa na umri wa kutega alifuatana na mtegaji. Jioni wanaume walikaa barazani, moto katikati, watoto pembeni wakisikiliza mambo ambayo hakuna mwalimu wa darasa angeyafundisha. Mwaka 1956 mtaalamu Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alimkuta huku kwetu, katika nchi ya Wanyanga, mzee mmoja aitwaye Shé-Kárisi Rureke. Rureke akamsimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12. Siku 12! Akiimba, akicheza, akiigiza. Mnyanga mwenzetu, Kahombo Mateene, akashirikiana na Biebuyck kuitafsiri, na mwaka 1969 kitabu kikachapishwa Marekani. Vyuo vikuu vya ng'ambo vinakisoma hadi leo.

Rureke hakuzaliwa na siku 12 hizo kinywani. Aliketi na wakubwa, akafuatana nao, wakamrekebisha, akarudia. Mtu alimpa mchana wake na jioni yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa simama barazani kwako leo jioni, umwulize mwanao: Mwindo ni nani? Atakuangalia tu. Muulize bei ya gramu ya dhahabu. Atakujibu bila kufikiri.

Na hadithi yenyewe mnaikumbuka ilivyo: Shemwindo, baba mtu, chifu mzima, hamtaki mwana wa kiume, mtoto anatiwa ndani ya ngoma na ngoma inatupwa mtoni. Babu zetu waliisimulia ili kila baba aone aibu. Sisi tunafanya nini? Hatuhitaji hata ngoma. Kila siku saa sita na nusu tunawatupa hivi hivi, mto ukawachukua.

Mtasema wapo wafadhili, walileta mahema. Haya, tuyaseme ya mahema.

Nayakumbuka yale mahema ya turubai tuliyoambiwa ni mahali rafiki kwa watoto. Sitataja shirika, kwa sababu si moja na walikuja kwa nia njema. Walipokuja watoto walifurika. Kulikuwa na mpira, ngoma, kamba za kuruka, vijana wa hapa hapa waliovishwa fulana na kupewa mafunzo ya siku tatu. Watoto waliimba. Waandishi wa ripoti walipiga picha. Miezi michache, basi. Mradi ukafika mwisho.

Nilikuwepo siku walipokunja hema. Mtumishi mmoja alikuwa na karatasi ya orodha, anahesabu vitu vya kurudisha Goma. Mipira kumi na mmoja. Saba haikuwa na pumzi. Ngoma mbili. Mikeka. Akafika kwenye kamba. Msichana wa miaka tisa hivi alikuwa ameishika ncha moja, ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo, anaizungusha wenzake waruke. Akaambiwa aiachie. Hakulia. Aliuliza tu kama kesho wataileta. Yule mtumishi akaizungusha kamba mkononi, akaandika alama kwenye karatasi.

Kamba ya kuruka, jamani! Kamba ambayo mama yeyote wa Pinga anaweza kuisokota kwa gome la mgomba kabla ugali haujaiva! Sisi wazazi tulisimama pale zaidi ya ishirini, mikono nyuma, tukatazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: mwanangu, kesho njoo, nitakusokotea nyingine.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Agosti 2013 hata Madaktari Wasio na Mipaka walilazimika kusimamisha kazi yao hapa Pinga kwa sababu ya vitisho dhidi ya watu wao. Madaktari! Waliokuwa wakitushona vidonda! Kama anayekutibu anaweza kufukuzwa na wenye bunduki, huyu wa mpira na ngoma atadumu vipi? Mgeni huja na hurudi. Wa kubaki ni wewe.

Nao waliopata kuingia hemani mle, waliingiaje? Hapa nitawakera wengine, na wakereke.

Waliingia wenye kadi. Mtoto wa wadeplase, wale waliokimbia vita, alikuwa na kadi, mtoto wa mwenyeji hana, wote wamelala njaa usiku ule ule. Walifukuzana kwa mawe nje ya uzio wa mahali rafiki kwa watoto. Waliingia wavulana, kwa sababu saa nane mvulana ni huru na msichana ana bidoni, ana sombe ya kutwanga, ana mdogo wake mgongoni. Niambie mama, ulimwachia binti yako saa moja tu? Usilaumu shirika kwa hili. Hili ni la nyumbani kwako. Waliingia wa upande mmoja wa mji, wa upande wa pili wakaambiwa wao si wa eneo la mradi, kwa sababu Pinga yetu mguu mmoja uko teritwari ya Masisi na mguu mmoja teritwari ya Walikale, na karatasi za wakubwa zinaishia kwenye mpaka. Na yule mtoto asiyetembea, anayekaa kwenye mkeka mlangoni pa nyanya yake? Hakuna aliyekwenda kumbeba. Hata mara moja.

Kisha kuna zile kozi za mchana za kulipia. Mwalimu anawachukua wa darasa la sita watakaofanya mtihani wa taifa, tena wale ambao wazazi wao wana pesa. Simtukani mwalimu. Wengine miaka inapita majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mtu huyo ale udongo? Lakini tuone tunachofanya. Tunachukua mchana, kitu pekee ambacho mtoto wa maskini na mtoto wa mwenye duka walikuwa wanagawana sawa, nao tunauuza. Majirani zetu wa Kenya iliwabidi watunge sheria mwaka 2013 kukataza masomo ya ziada ya likizo. Sisi tunaelekea kule kule walikotoka wenzetu, tena bila viatu.

Na hata kwa anayelipa, anapata nini? Anakariri. Asubuhi alikariri, mchana anakariri tena, sauti moja, ubao mmoja, fimbo moja. Huko si kumlea mtoto. Huko ni kumpigilia msumari ule ule mara mbili.

Nitakwambia mahali pazuri pa mchana ni pa namna gani, maana nimechoka kusikia watu wakitaja ubora kama kitu cha kuja na ndege. Mahali pazuri yupo mtu mzima mmoja, yule yule kila siku, anayejua majina. Mtoto asipofika siku mbili, huyo mtu anavaa kandambili zake anakwenda kwao kuuliza. Ni hilo tu, na ni kubwa kuliko hema. Barierini wanalifanya! Barierini mtoto asipofika wanauliza yuko wapi. Sisi je? Mtoto anakosa shule miezi miwili ndipo mwalimu anauliza wenzake, nao wanacheka, wanasema: huyo sasa ni kadogo, askari mtoto.

Kuwe na kikombe cha uji wa sosoma. Usidharau kikombe. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi saa kumi na mbili asubuhi na atakayekula ugali saa moja usiku, saa nane atakwenda kwa yeyote mwenye hindi la kuchoma. Tumbo lake ndilo linalomwongoza, na waandikishaji wanalijua hilo bila kusoma kitabu.

Kuwe na choo chenye mlango, la sivyo wasichana wakubwa hawatakuja mara ya pili. Kuwe na vitabu, hata kumi, vya Kiswahili ambacho mtoto anakiota usiku, asiwe mtu wa kusoma Kifaransa cha ubaoni bila kujua kama kinasema mbuzi au mlima. Milango ikae wazi. Asiwepo mwanamume anayejifungia ndani na mtoto wa mtu, hata akiwa mcha Mungu, hata akiwa mjomba wa chifu. Tumeona mengi katika Walikale hii, hatuna ruhusa ya kuwa wajinga.

Na wacheze. Ndiyo, wacheze! Tangu lini tumeanza kuona mchezo kama wizi wa muda? Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi hii iliuridhia mwaka 1990 ikiitwa bado Zaire, ibara yake ya 31 inasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mtoto wa Pinga aliyekimbia risasi mara tatu kabla hajang'oa meno ya utoto anahitaji mpira kama anavyohitaji dawa. Anayecheza leo na mwenzake wa kabila lingine hatamsaka kesho na panga. Je, haya nayo yanahitaji mtaalamu kutoka Kinshasa?

Nimesema Kinshasa. Basi nisiwaache.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Ibara ya 42 inaitaka serikali iwalinde vijana na lolote linaloharibu afya yao, elimu yao na makuzi yao. Imeandikwa. Septemba 2019 ile ya bure ikaanza kutekelezwa, nasi tukaimba. Watoto wakarudi kwa wingi, madarasa yakafurika, na penye kufurika wakagawa siku: hawa asubuhi, hawa mchana. Jambo jema, lakini tazama lilichozaa: siku ya shule imekuwa nusu siku, na ile nusu ya pili hakuna wizara inayoiita yake. Mtoto wa zamu ya mchana, yeye shimo lake liko asubuhi. Shimo ni lile lile.

Na pesa? Penye miti hapana wajenzi. Walikale hii, mgodi wa Bisie peke yake, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa serikali ya mtaa wa mahali pa mgodi, asilimia 25 kwa jimbo, na kila kampuni ya uchimbaji itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Bati letu linaunganisha waya ndani ya simu za dunia nzima. Nataka nione kibanda kimoja cha watoto kilichojengwa na asilimia hizo upande wetu wa Walikale. Kimoja! Chenye bati juu, maana bati tunalo.

Madiwani na wabunge wetu, mnapokuja kuomba kura mnatuletea fulana na kofia. Safari hii njooni na hesabu ya mrabaha.

Lakini mimi nawe tusijifiche nyuma ya Kinshasa. Hapo ndipo tunapolalia, kwenye mto huo laini wa kusema serikali, serikali, serikali. Mtoto hangoji bajeti. Ana miaka kumi leo. Ukingoja miaka mitano ana kumi na mitano, na wakati huo mtamwogopa njiani usiku, wewe uliyemzaa. Samaki mkunje angali mbichi.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa ni sisi.

Tuna nini? Tuna makanisa. Wakatoliki, Wabatisti, Waadventista, wote wana majumba yenye madawati ambayo tangu Jumatatu hadi Ijumaa yanakaliwa na popo. Wachungaji wangu, mapadri wangu, nawaheshimu sana: popo hawaokoki. Fungueni. Tuna vijana waliomaliza masomo ya sekondari, wana diploma yao ya serikali imefungwa ndani ya plastiki chini ya godoro, wanashinda wakicheza dama kwenye kituo cha pikipiki. Wanaweza kusoma hadithi kwa sauti. Wanaweza kusahihisha hesabu. Tuna skauti, tuna chama cha vijana cha Xaveri, watu wanaojua kumfundisha mtoto kufunga fundo na kutimiza neno lake bila kumpiga. Tuna akina mama wa vikundi vya akiba wanaozungusha pesa kila juma na hawajawahi kuibiana. Mkiwapa wao mfuko wa sosoma, utafika kwa watoto. Tuna wazee watatu au wanne wanaojua bado habari za Mwindo, na kila msimu wa mvua tunazika mmoja.

Na tuna salongo, kazi ya pamoja. Kila Jumamosi tunafyeka njia ambazo magari hayapiti. Jumamosi moja tu tungepeleka majembe shuleni, tukachimba choo cha wasichana, tukakitia mlango.

Kijana atakayekaa na watoto lazima alipwe. Nalisema kwa nguvu kwa sababu tumezoea kumwambia kila mtu ajitolee, halafu baada ya miezi mitatu anakwenda zake machimboni, na watoto wamezoea uso wake. Tuchange. Kila nyumba bakuli la maharagwe kwa mwezi. Asiye na maharagwe alete kuni. Asiye na chochote asitozwe, na mtoto wake aingie wa kwanza. Tunachangia harusi za watu tusiowajua, tunachangia matanga siku saba, na watoto hawa hawa tusipowakalia mchana ndio watakaotujazia matanga.

Wapo watakaoanza kutafuta sababu. Huyu direkta atasema anasubiri ruhusa ya ofisi ya elimu. Huyu mzazi atasema mwanawe anamsaidia shambani. Naam, mtoto wa kijijini atasaidia, sijasema awe mfalme. Lakini saa mbili tu kati ya hizo tano na nusu, kweli shamba lako litakufa?

Jana nilipita shuleni saa nane kasoro. Watoto watano walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya darasa la tano, katikati ya mbuzi. Mmoja alikuwa na kipande cha kaa la moto lililozimika, anaandika hesabu za kugawanya kwenye saruji, anawauliza wenzake majibu. Akikosea anafuta kwa kiganja. Kiganja kilikuwa cheusi mpaka kwenye kifundo. Mlango nyuma yao umefungwa. Ndani kuna ubao mzima, kuna chaki, kuna madawati ishirini na mawili. Nimeyahesabu kupitia dirishani.

Niliwauliza kwa nini hawaendi nyumbani. Yule wa kaa akanijibu: hakuna mtu.

Kufuli ile inafunguka. Ufunguo uko nyumbani kwa direkta, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, umefungwa kitambaa chekundu; kila mmoja wetu anayekaa kwenye kamati ya wazazi anaujua. Kesho saa saba mchana nakwenda kuuomba. Peke yangu ataninyima. Njoo twende.